Korongo Wapya wa Bi Pimbi

Hapo kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majumba, maghala na majeshi, Nyati na Kiboko walipigana vita. Wakigombea nini? Dimbwi la matope! Ndiyo, matope ya kugaagaa.

Nyati alitawala magharibi, Kiboko mashariki. Kila mmoja alikuwa na ghala la mikuki, na kila mmoja alikuwa na korongo kumi wa kubeba mawe na kumwangushia adui. Korongo wa Nyati walipakwa chokaa, wa Kiboko walipakwa udongo mwekundu.

Katikati, kwenye jabali, aliishi mjane, Bi Pimbi, na watoto wake wanne. Huyo ndiye aliyeumia. Korongo wale walikuwa wamezeeka. Waliruka fuu, fuu, fuu, wakifika katikati pumzi inakatika, mawe yanawaponyoka. Pu! Pu! Juu ya nyumba ya Bi Pimbi.

Siku jiwe lilipomvunja mguu kitindamimba wake, Bi Pimbi alimfunga mtoto banzi, akajifunga kanga kiunoni, akaenda kwa Nyati.

"Shikamoo, mfalme. Nimekuja kukupa pole. Korongo wako wamechoka."

"Najua!" Nyati akafoka. "Nimeagiza tai thelathini kutoka milimani. Tai vijana! Siku saba tu, Kiboko atanitambua."

Bi Pimbi akawaza moyoni. Tai thelathini! Jabali lake litabaki kokoto. Lakini usoni akatabasamu.

"Siku saba, mfalme? Na Kiboko akipata wapya kesho?"

Nyati akaruka. "Kesho? Nani kakwambia?"

"Mimi nakaa katikati, nasikia huku na huku. Ila nina jamaa zangu ziwani, wana korongo vijana wasiobeba mawe kwa mdomo. Wanayameza! Adui haoni kitu mpaka yamemwangukia. Nipe wazee wako nikawabadilishe. Kesho asubuhi unao wapya. Hao tai waambie wasije, watakula bure tu."

"Wachukue! Wachukue vikongwe hao!"

Bi Pimbi akaenda kwa Kiboko, akamwambia yale yale. Kiboko naye akatoa wake kumi, haraka haraka, asije akatanguliwa.

Jioni, nyuma ya jabali, korongo ishirini walikaa wakitweta. Mkubwa wao, Mzee Kipara, alikohoa. "Bibi, tuonee huruma. Goti hili halikunjiki tena."

"Hamtabeba hata kokoto, babu. Wa Nyati nawapeleka kwa Kiboko, wa Kiboko kwa Nyati. Watakapowarusha vitani, ninyi nendeni tu. Huko vitani ndiko nyumbani kwenu."

Mzee Kipara akafikiri, akafikiri. Kisha mdomo wake ukaanza kugonga: ka-ka-ka-ka! Alikuwa anacheka.

Bi Pimbi akawaosha wote, akawabadilisha rangi, akawapaka mafuta ya nyonyo mpaka wakameremeta.

Asubuhi Nyati alipowaona hakuwatambua. "Ama kweli, hawa ni wapya!" akasema. "Rukeni!" Ng'ambo ya pili, Kiboko naye akanguruma, "Rukeni!"

Wakaruka. Bila mawe walikuwa wepesi, wakapita juu ya jabali, makundi mawili wakapishana salama. Kila kundi likatua uani kwa bwana wake wa zamani, likajilaza chini, mabawa yametandazwa, hoi.

Nyati akaona ndege wekundu wamelala miguuni pake. "Wamesalimu amri! Jeshi zima la Kiboko!" Kiboko akaona ndege weupe. "Haa! Nyati kwisha!"

Wote wawili wakakimbilia dimbwini kupokea heshima zao. Wakakutana uso kwa uso.

"Nimekusamehe," alisema Nyati.

"Unamsamehe nani? Mimi ndiye nimekuja kukusamehe wewe!"

"Mikuki!" Nyati akapiga kelele.

"Mikuki!" akaitikia Kiboko.

Juu ya jabali, Bi Pimbi akafumba macho. Mambo yameharibika.

Askari wakaleta mikuki kutoka kwenye maghala ambayo hayakufunguliwa tangu enzi za babu zao. Nyati akashika mmoja. Kwach! Ukavunjika. Kiboko akashika wake. Puu! Unga mtupu. Wa pili, wa tatu, wa kumi, yote ilikuwa imeliwa na mchwa.

Nzi wakasikika. Ngozi ya Kiboko ilikuwa imepasuka kwa kukosa matope msimu mzima. Akayatazama matope. Nyati naye akayatazama.

"Ndege wako walikuja kwangu," alisema Nyati polepole.

"Na wako walikuja kwangu."

"Basi nimeshinda."

"Na mimi nimeshinda."

"Haya."

"Haya."

Chubwi! Kiboko akaingia. Chubwi! Nyati akaingia upande wa pili.

Baada ya kitambo Kiboko akafumbua jicho moja. "Nyati, wale korongo wapya ulipewa na nani?"

"Bi Pimbi. Na wewe?"

Vichwa viwili vikubwa vikageukia jabali. Bi Pimbi, chwi! alishaingia pangoni na watoto wake wote.

"Nikitoka humu namkanyaga," alisema Kiboko.

"Tutamkanyaga pamoja," alisema Nyati.

Lakini matope yalikuwa ya baridi, na hakuna aliyetaka kutoka wa kwanza.

Hadithi yangu imezama humo matopeni, nanyi wanangu shikeni hili: mwenye nguvu huacha vita upesi akiachiwa aamini kwamba ameshinda.