Siku Nyegere Aliposhiba

Hadithi yabisha hodi!

— Ifungulieni!

Ina vumbi miguuni!

— Inawe, ipande mkekani!

Imebeba uongo kwapani!

— Uongo mtamu, utue hapa!

Haya, sogeeni. Wewe unayekohoa, kohoa uishe kabisa ndipo nianze.

Palikuwa na Kalunguyeye mmoja, mdogo wa kuenea kiganjani, mgongo wote miba. Alikuwa na mke, na alikuwa na binti mmoja, jina lake Kidawa. Wakati wa hadithi yetu mke hakuwapo nyumbani. Alikuwa amekwenda kujifungua kwa mama yake, ng'ambo ya kijito. Kalunguyeye akabaki na Kidawa mwezi mzima, wawili tu.

Mwezi mzima, jamani! Asubuhi ilikuwa kumchana Kidawa. Mnajua kazi ya kumchana mtoto nywele. Sasa huyu hana nywele, ana miba. Baba anachana, chwi! Anachomwa. "Ai!" Kidawa anasema, "Pole, baba. Chana na huku." Chwi! "Ai!" "Pole, baba. Kisogoni hujafika." Mpaka anamaliza, vidole vyote vina matundu, na mtoto anataka aanze upya kwa sababu mistari imekwenda upande.

Wakitoka kwenye kuchana, wanaingia kwenye kupika. Kidawa alikuwa na jiko lake la vijiwe vitatu nyuma ya nyumba. Vyungu vyake magamba ya konokono, chakula chake matope. Wali wa matope, ndizi za matope, mchuzi wa matope yaliyotiwa maji mengi. Mlaji alikuwa mmoja, baba yake, na kula kwenyewe kulikuwa na sheria. Unawe kwanza. Usitie mkono wa kushoto. Utafune kwa sauti, nyam nyam nyam. Ukisifie chakula. Mwisho upige mbweu, ndipo useme, "Nimeshiba, mpishi wangu." Ukikosea moja, chakula kinaanza upya. Ukisema umeshiba mapema, mpishi analia. Usiposema, unaongezwa.

Kalunguyeye alilalamika sana kwa majirani. "Mtoto huyu ataniua na matope yake." Lakini mimi nawaambia kweli, alikuwa na raha. Siku moja Kidawa alichelewa kumwita, baba akaenda mwenyewe kuchungulia nyuma ya nyumba, akauliza, "Vipi, leo hakupikwi?"

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Mvua za kwanza zilipopiga, kumbikumbi walitoka ardhini, na Kalunguyeye akawaokota. Akawakaanga kwa chumvi, akapeta mabawa, fyuu, fyuu, akajaza chungu kimoja mpaka shingoni, akakiweka darini. Kilikuwa chungu cha Mama Kidawa. Mama aliyetoka kujifungua asipokuta chakula cha maana, maziwa ya mtoto yatatoka wapi? Na kumbikumbi wengine hawatoki mpaka mvua za mwaka ujao. Kalunguyeye aliapa hataonja hata mmoja, na kila akipita chini ya chungu kile mate yalimjaa mdomoni. Ndipo mkewe akaleta salamu: leo jua likipinda, niko nyumbani na mtoto.

Katika pori lile aliishi Nyegere. Ngozi ngumu, kucha ndefu, na tumbo ambalo hakuna aliyewahi kuliona limejaa. Na pori lile lilikuwa na ada yake. Mgeni akikukuta moto umewaka, hafukuzwi, analishwa mpaka aseme mwenyewe, "Nimeshiba." Akishatamka hivyo, ananawa, anashukuru, na katika nyumba hiyo hatii tena kitu kinywani mpaka mwezi mwingine uandame. Mwenye kuivunja ada hiyo hapokewi tena nyumba yoyote.

Nyegere aliijua ada hiyo kuliko walioitunga. Neno lile hakulitamka hata siku moja. Alikula kwa Sungura. "Umeshiba, jirani?" "Bado kidogo." Karanga zikaisha. Alikula kwa Kanga. "Umeshiba, jirani?" "Bado kidogo." Mtama ukaisha. Alikula kwa Kobe. "Umeshiba, jirani?" "Bado kidogo." Mpaka majani ya kuezekea yakaisha. Kisha huondoka akisema, "Ningekula, basi tu mmeishiwa."

Basi siku hiyo ya kurudi Mama Kidawa, Kalunguyeye alikuwa amebandika maji ya kumwogesha. Moto unawaka. Jua la utosi. Akasikia ndu! ndu! ndu!

"Hodi wenyewe!"

Kalunguyeye akamjua Nyegere kwa sauti, akatamani kumfukuza. Lakini moto umewaka, atafanyaje? "Karibu, jirani."

Nyegere akaketi, akanusa, fuu, fuu. "Nasikia harufu ya kumbikumbi."

"Kumbikumbi wa wapi? Ni miba yangu hii, nimeianika juani."

"Miba haitiwi chumvi."

"Chakula hakijaiva, jirani."

"Nitangoja."

"Mtoto ana surua."

"Niliugua utotoni. Haishiki mara mbili." Akanyoosha miguu kabisa, akatazama darini.

Akilini mwake Kalunguyeye alimwona mkewe akiingia na mtoto mgongoni, amechoka, akute chungu kitupu kimelazwa chali. Alitaka kulia, nami simcheki.

Hapo ndipo Kidawa alipotokea nyuma ya nyumba, matope mpaka viwikoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mtoto mzuri."

"Baba, chakula tayari."

Kalunguyeye akamtazama binti yake. Akatazama vidole vyake mwenyewe vyenye matundu. Akakumbuka kwamba asubuhi ile ile alilishwa magamba saba, na hakuachiwa mpaka alipopiga mbweu. Akajisemea, nani wa kumshibisha Nyegere, kama si huyu anayenishibisha mimi kila siku?

"Umesikia, jirani," akasema. "Mke wangu hayupo, mpishi wa nyumba hii ni Kidawa. Mgeni anaanzia kwake."

Nyegere akayaona yale matope, akacheka moyoni. Nimridhishe mtoto upesi, chungu kishuke. "Lete, mwanangu, lete!"

Masikini. Hakujua anaingia jiko gani.

"Nawa, mjomba." Akanawa. "Na kucha." Akanawa kucha. "Hiyo kucha ya mwisho bado." Akanawa ya mwisho. Pwata! Gamba likawekwa mbele yake.

"Huo mkono wa kushoto! Tunaanza upya. Nawa."

Akanawa. Pwata! Akajifanya anakula, yale matope akayatupa nyuma ya bega.

"Usitupe," akasema Kidawa. "Baba ndiye hutupa, namwona kila siku namwachia tu kwa sababu ni baba yangu. Wewe mgeni, kula."

Kalunguyeye akatazama pembeni kwa aibu. Nyegere akalamba. Akameza.

"Sijasikia ukitafuna."

"Nyam."

"Kwa sauti!"

"Nyam nyam nyam!"

"Tamu?"

"Tamu."

"Kuliko ya nani?"

Nyegere anataka yaishe. "Kuliko ya mke wangu!"

"Umeshiba?"

Na mdomo una mazoea yake. Kwa miaka yote aliyoulizwa swali hilo alikuwa na jibu moja tu. "Bado kidogo," akasema.

Pwata! Gamba la pili. "Umeshiba?" "Bado kidogo." Pwata! Gamba la tatu. "Umeshiba?" "Bado kidogo, eh, ngoja, mwanangu..." Pwata!

Ile nyam nyam ikasikika mbali. Sungura akaja kuchungulia juu ya uzio. Kanga akaja. Kobe akaja, akachungulia chini ya uzio kwa sababu juu hafiki. Wakamwona Nyegere amekaa wima, pua imejaa matope, na Kidawa amesimama mbele yake na mwiko wa kijiti.

Gamba la kumi. Gamba la kumi na tano. Jua likaanza kupinda. Tumbo la Nyegere likasema guruguru.

"Piga mbweu, mjomba."

"Haitoki."

"Baba, mfundishe."

Kalunguyeye akasogea kwa heshima zote. "Meza upepo, jirani. Mara tatu. Mimi ndivyo nifanyavyo." Nyegere akameza, akameza, akameza. Bweeeeu! Miti ikatikisika.

"Sasa sema," akasema Kidawa.

Hapo Nyegere akashtuka. Neno lile analijua thamani yake. Akafunga mdomo, akatikisa kichwa.

"Haya, bado kidogo," akasema Kidawa bila hasira. Akachuchumaa, akachota matope kwa mikono miwili, huku anaimba taratibu. Alikuwa mtoto mwenye siku nzima mbele yake na kijito kizima cha maji. Pwata! Gamba la kumi na sita. Pwata! La kumi na saba. Pwata!

"Nimeshiba!" Nyegere akapiga kelele. "Nimeshiba, mama yangu! Jamani, nimeshiba!"

Hata moto uliacha kutatarika.

"Kashiba," akasema Sungura.

"Nimesikia," akasema Kanga.

"Hata mimi," akasema Kobe, ambaye mambo mengi humfikia kesho yake.

Kalunguyeye alikwisha simama na kata ya maji. "Nawa, jirani. Ahsante kwa kuja. Mwezi ukiandama utatuona."

"Aka! Ule ulikuwa mchezo!"

Midomo ya Kidawa ikaanza kutetemeka. "Mchezo? Si ulisema chakula changu kitamu kuliko cha mke wako?"

"Alisema hivyo?" akauliza Kanga.

"Alisema," akajibu Kidawa.

"Basi mkewe nakutana naye kesho kisimani."

Nyegere akanawa upesi upesi. Akanawa mpaka ile kucha ya mwisho bila kukumbushwa, akashukuru, akaondoka ndu, ndu, ndu, na tumbo guruguru nyuma yake.

Kalunguyeye akamrusha binti yake juu, akamdaka, chwi! "Ai!" "Pole, baba." Wakacheka mpaka wakakaa chini.

Kisha Kalunguyeye akashusha chungu darini. Kukitazama tu, alisema. Akafunua. Harufu ikampanda mpaka kichwani. Tangu asubuhi hakuwa ametia tumboni kitu cha kweli. Mmoja tu, akawaza. Kimejaa, nani atajua? Mkono ukaenda.

"Baba."

"Naam."

"Si ulisema asubuhi umeshiba?"

Mkono ukasimama hewani.

"Na mbweu ulipiga."

"Kidawa, mwanangu, ile..."

"Ile nini? Ilikuwa mchezo?"

Kalunguyeye akatazama uzioni. Wale watatu bado walikuwepo. "Tuliisikia kutoka kwetu," akasema Sungura. Basi baba wa watu akafunika chungu, akanawa mikono.

Kidawa akafunua tena, akachota konzi moja.

"Na wewe je?"

"Mimi nilikuwa mpishi," akasema Kidawa. "Mpishi hakuulizwa." Akakimbilia nyuma ya nyumba na konzi yake.

Jua lilipopinda, Mama Kidawa akaingia na mtoto mgongoni, miba yake bado laini. Akaoga kwa maji ya moto. Akawekewa chungu chake, kimejaa, kasoro konzi moja. Akala kwa raha. "Baba Kidawa, njoo tule wote," akasema.

Kalunguyeye akamtazama Kidawa.

"Baba ameshiba," akasema Kidawa.

"Kumbe! Hongereni, mmejilisha vizuri."

Kalunguyeye akaketi na mtoto mchanga mapajani. Alikuwa na njaa, tusidanganyane. Lakini alimtazama mkewe anavyotafuna, akakitazama kile kichanga kinavyopiga miayo, akajiona ni tajiri. Alikuwa radhi kukaa hivyo mpaka mwezi uandame.

Kidawa akaja na gamba la konokono kwa mikono miwili, polepole lisimwagike. "Baba, cha mchezo unaruhusiwa."

Akanawa. Mkono wa kulia. Safari hii hakutupa nyuma ya bega, kwani alikwisha jua anaonwa. Akatia mdomoni, nyam nyam, na chini ya matope kachu! Akatafuna tena. Kachu! Kumbikumbi wa kweli, mwenye chumvi. Akainua macho. Kidawa alikuwa anatazama kwingine kabisa, kama hajui kitu.

"Tamu?"

"Tamu."

"Kuliko ya nani?"

Kalunguyeye akamtazama mkewe, akamkumbuka Nyegere, akaendelea kutafuna.

"Umeshiba, baba?"

"Bado kidogo," akasema Kalunguyeye.

Ngano imekula!

— Imeshiba!

Imenawa!

— Ishike njia, iende kwao!

Na funzo lake, enyi watoto, likaeni vichwani: chakula hakichezewi. Si mmeona wenyewe madhara yake?