Cheti Alichokikubali Kemunto

Ndugu zangu, palikuwa na mama mmoja, tumwite Kemunto, mkata waridi katika shamba kubwa la maua. Pale shambani dawa ilipopulizwa, wafanyakazi waliamrishwa kuingia bandani kukata maua kabla haijakauka. Walikohoa mpaka wakashika mbavu. Ndipo wakaanza kupanga mgomo, kwa siri, kwenye ukurasa wa kikundi chao mtandaoni.

Lakini kila walilopanga, msimamizi alilijua. Nani msaliti? Wakamshuku Nafula, mwenzao, wakamtenga hata kwenye chakula.

"Mungu ni shahidi, sijasema neno!" Nafula alilia. Nani alimsikiliza?

Kila asubuhi simu ya Kemunto ilimwonya: Huenda mtandao wako unafuatiliwa. Kila asubuhi aliufagia ujumbe ule kwa kidole. Siku moja akaufungua. Akakuta cheti cha usalama chenye jina la shamba. Alikumbuka siku msimamizi alipowaletea intaneti ya bure: "Bonyezeni Kubali, mengine niachieni." Kumbe cheti kile kiliiamuru simu iuamini mtandao wa shamba, naye msimamizi akawa anasoma waliyoandikiana.

Kemunto alianza kwa Nafula, akamwomba radhi mbele ya wote, akawaonyesha cheti kile. Kisha akasimama mlangoni mwa banda, dawa bado mbichi, akakifuta cheti huku msimamizi akimtazama.

"Umekifuta? Basi intaneti hupati!"

"Kaa nayo."

"Na kazi je?"

"Kazi naitaka. Dawa ikikauka nitaingia. Kabla ya hapo, hapa siingii, na simuni mwangu wewe huingii tena."

Akaketi chini. Nafula akaketi kando yake. Wengine wakatoa simu zao, wakafuta, wakaketi. Msimamizi alifoka hadi sauti ikamkauka. Siku ile hakuna aliyeingia bandani hadi dawa ilipokauka kwenye majani.

Naona mnatabasamu. Mnafurahi msimamizi kuaibika, sivyo? Ngojeni kwanza. Nani alimfungulia mlango? Aliuvunja?

Sisi ndio tuliobonyeza Kubali! Tukapewa cha bure, hatukuuliza. Tukaonywa, tukapuuza. Kisha tukamgeukia ndugu asiye na hatia, tukamnyima hata nafasi ya kukaa nasi mezani. Umemtenga nani wewe, kwa kosa la kidole chako mwenyewe? Nenda kwake leo, kabla hujala. Na yule uliyemkabidhi moyo wako kwa sababu alikuja na zawadi, mwambie usoni, bila kutetemeka: Nilikukubali mimi, na mimi ndiye ninayekutoa.