Mchicha wa Mtani

Kila asubuhi Mwinyimvua, mwenye nyumba, alichuma mchicha ambao mpangaji wake Kabula aliupanda uani ili wanawe wapate mboga.

"Baba, wanangu watakula nini?"

"Wewe Mnyamwezi, mimi Mzaramo," alijibu mbele ya majirani, akicheka. "Mtani haibi, anachukua chake."

"Kweli, mtani. Basi leo uache, uje mchana uule umeshapikwa."

Alikuja, akala sahani mbili, akalamba vidole.

"Mchicha umekolea nyama. Kuku umempata wapi?"

"Hapa hapa uani. Majirani wamenichinjia."

"Uani kuna jogoo wangu tu."

"Alikuwapo," Kabula alisema, akimwongezea mchuzi. "Kula, mtani. Hapa hakuna aliyeiba."