Hita ya Gari la Pimbi

Ngano jamani, ngano.

— Ilete, na uongo wake uje nao.

Nikiileta mtaiamini?

— Hatuiamini, tunaisikiliza tu.

Vizuri. Ndivyo nipendavyo. Msikilizaji anayeamini kila kitu huibiwa viatu huku amevivaa. Sogeeni basi, nina nafasi kidogo na chai yangu bado ya moto.

Hapo kale, juu kabisa kwenye milima ya baridi, aliishi Pimbi. Mnamjua Pimbi, yule mnyama mdogo wa majabali, mnene kidogo, hamzidi sungura kwa ukubwa. Siku hizo alikuwa na mkia. Mkia mrefu, wenye manyoya, na alikuwa akiuringia kweli. Alikuwa pia na gari. Gari lenyewe zee mno, alilirithi kwa baba yake, na baba yake naye alilikuta. Magari mengine yakikutana nalo njiani yalisogea pembeni na kulipigia honi taratibu, kwa heshima ya umri.

Basi mke wa Pimbi alikuwa amejifungua mapacha, wana siku tatu. Asubuhi hiyo Kunguru akapita akitangaza kwamba kesho alfajiri sakitu inashuka, ile sakitu inayougandisha umande mpaka majani yanakuwa meupe. Watoto wa siku tatu hawaiwezi. Ilibidi wavushwe mlima siku hiyohiyo, wapelekwe bondeni kwa bibi yao kwenye joto. Na kule juu mlimani upepo unauma hata ndani ya gari, kwa hiyo bila hita hawafiki salama.

Pimbi akawasha gari, likawaka. Akabonyeza swichi ya hita. Kimya. Akabonyeza tena. Ng'rrr, ng'rrr, halafu kimya. Joto lilikuwapo kwenye injini, lakini feni ya kulisukuma ndani haikuzunguka.

"Wiki iliyopita ilikuwa nzima," mkewe akasema.

"Wiki iliyopita nililipeleka kwa Fundi Fisi kubadilisha oili."

"Ulikaa naye?"

"Aliniambia nikanywe chai."

"Na ukaenda."

"Nilienda."

"Leo usiache kitu gereji," mkewe akasema. Alivuta kitenge akawafunika watoto.

Hapo lazima niwaeleze. Nchi ile ilikuwa na desturi moja, na mkiniambia kwenu haipo nitawashuku. Mwenye gari haachi gari kwa fundi. Anapindua ndoo, anakaa, anakodoa macho. Kila nati anaiona ikitoka, na anaiona ikirudi. Anayekwenda kunywa chai hurudi akakuta gari linalofanana na lake.

Na Fundi Fisi ndiye aliyekuwa na gereji peke yake mlima mzima. Alikuwa mkubwa, taya za kuvunja mifupa, ovaroli ya bluu iliyochanika mguu wa kushoto, na tumbo lisilojaa. Kwake chakula hakikuwa nyama tu. Alikula betri, alikula taa, alikula vioo. Akiona kifaa kizuri kwenye gari la mtu, mate yanamtoka.

Pimbi hakuwa na pa kwenda pengine. Akafika.

"Karibu, bosi," Fisi akasema. "Naona hita inasumbua."

Pimbi hakuwa amefungua mdomo bado. "Umejuaje?"

"Fundi anajua."

Pimbi akapindua ndoo, akakaa. Fisi akainama chini ya dashibodi akafungua kifuniko cha feni, tk, tk, tk. Hakutazama ndani. Alimtazama Pimbi. Pimbi akamtazama.

"Bosi, fyuzi imeungua. Shuka dukani ukaniletee nyingine."

Pimbi akatia mkono mfukoni. "Ninayo hapa." Akabaki kwenye ndoo.

Tk, tk, tk. Fisi akamtazama Pimbi. Pimbi akamtazama.

"Bosi, waya umekatika. Shuka dukani ukaniletee mwingine."

Pimbi akatia mkono mfukoni. "Ninao hapa." Akabaki kwenye ndoo.

Tk, tk, tk.

"Bosi," Fisi akasema kwa sauti ya upole, "utapigwa na baridi bure hapo. Nenda kanywe chai. Ukirudi unakuta upepo wa moto."

Pimbi akafikiri. Akikaa, Fisi hataigusa ile feni mpaka jua lizame, na sakitu ni kesho. Akienda, atarudi akute maganda ya gari. Aliwakumbuka wanawe. Halafu akalitazama tundu lililoachwa wazi chini ya dashibodi. Akajitazama mwenyewe. Akapima kwa macho.

"Haya, fundi. Kweli chai naihitaji."

Akaondoka akipiga mluzi, akikanyaga mawe kwa kishindo ili asikike. Fisi akatabasamu, akaenda nyuma ya gereji kuchukua spana kubwa na toroli. Toroli, jamani, kwa kutengeneza feni iliyo ndogo kama kisahani. Alipogeuka tu, Pimbi akarudi, nya, nya, nya, akajipenyeza tunduni, mkia ukafuata.

Ndani kulikuwa na giza na vumbi. Akapapasa mpaka akaifikia feni. Palikuwa na majani makavu mawili matatu, na katikati ya mapanga yake kitu laini kimesokotewa kwa nguvu. Akakivuta. Kikatoka. Kilikuwa kitambaa cha bluu, kinanuka grisi na kinanuka Fisi.

Pimbi alikasirika mpaka masharubu yakatetemeka. Alikuwa akililaumu gari la baba yake kuwa ni zee, kumbe lilikabwa koo makusudi, ili lirudi gereji likamaliziwe.

Huko mbele akasikia kra, kra, kra. Fisi anafungua betri.

"Nani anaondoa betri yangu?" Pimbi akasema kwa sauti nzito. Sauti ikapita kwenye bomba za hewa, ikatokea kwenye matundu yote manne ya dashibodi.

Fisi akasimama. Akatazama ndoo. Ndoo tupu. "Nani anauliza?"

"Mimi, gari."

"Gari halisemi." Fisi hakuwa mjinga. Akachungulia uvunguni, hakuna mtu. Akachungulia kiti cha nyuma, hakuna mtu. "Kuna mtu ananichezea hapa."

"Nani akuchezee? Wiki iliyopita ulichana kitambaa kwenye mguu wako wa kushoto, ukanikaba nacho koo. Ulitazama huku, ukatazama huku, ukasema hakuna aliyeona. Nilikuwapo mimi."

Fisi akautazama mguu wake wa kushoto. Kweli, siku ile walikuwa wawili tu, yeye na gari. Jasho likamtoka, na baridi yote ile. Akairudisha betri polepole, akaifunga.

"Na vile vingine?" sauti ikauliza. Pimbi hakujua kama kuna vingine. Alikuwa anabahatisha tu.

Fisi akauliza, "Taa za nyuma nilizokubadilishia?"

"Taa za nyuma."

"Na kile kioo cha pembeni?"

"Na kioo."

"Na jeki umeiona pia?"

"Niliiona kabla ya vyote," sauti ikasema, na Pimbi huko ndani akajiuma mkono asicheke.

Basi lile toroli likapata kazi. Fisi akalijaza vifaa kutoka stoo, akalisukuma mpaka kwenye gari, akarudisha kimoja kimoja. Lakini mwizi naye huwa na wasiwasi wake. Alipomaliza akakuna kichwa.

"Wewe gari, unasema nilikukaba koo. Mbona unaongea vizuri hivyo? Hebu nijaribu feni."

Pimbi hakuwahi hata kusema ngoja. Fisi akazungusha ufunguo, akabonyeza swichi. Feni iliyokombolewa ikazunguka, vuuuuuu, na mkia wa Pimbi ulikuwa humohumo.

Ng'waaaaaa.

Ukelele ule ukatoka matundu yote manne kwa pamoja. Ukafuatwa na upepo wenye vuguvugu, vumbi, majani makavu, kitambaa cha bluu na manyoya, vyote usoni pa Fisi. Fisi alikimbia makalio yameshuka nusura yaguse chini, na mpaka leo hajayainua. Gereji aliiacha wazi.

Pimbi akatoka tunduni, akazima feni, akafunga kifuniko. Alilia kidogo, kwa sababu mkia ule aliupenda. Halafu akaendesha gari kwenda nyumbani, hita ikipuliza vizuri mno.

Jioni waliuvuka mlima. Nje upepo uliuma, ndani mapacha walilala wametoa miguu kwenye kitenge kwa raha ya joto. Mkewe alimtazama mumewe.

"Leo ulikaa naye?" akauliza.

"Nilikaa karibu sana."

"Na mkia uko wapi?"

"Umebaki gereji."

"Baba Pacha," mkewe akasema, "si nilikwambia usiache kitu gereji?"

Ngano yangu imefika, nimeishusha hapa.

— Tumeipokea, ila tutazihesabu nati zake.

Na funzo lake ni hili: mwaminini fundi wenu. Mwachieni ufunguo, nendeni zenu mkanywe chai. Fundi akitazamwa hukosa raha ya kazi, na anayechunguza sana ndiye anayepoteza mkia. Mimi mwenyewe ndivyo nilivyofanya leo. Gari langu liko hapo ng'ambo, fundi kaniambia waya umekatika, nikapumzike kidogo hapa.

Mbona mnanitazama hivyo?

Hebu nipisheni. Chai hiyo atakayeitaka aimalizie. Nipisheni nipite.