Magodoro ya Tajiri Mbaruku

Sikudhani, dereva wa lori, alikuta magodoro yamerundikwa kwenye lori lake juu kupita paa la ghala. Akamwambia mwenye mali, Tajiri Mbaruku, kwamba kwa urefu ule itabidi wazunguke kwa njia ya mashamba ya mkonge, maana daraja la reli liko chini mno.

"Uzunguke kwa mafuta ya nani?" tajiri aliuliza mbele ya wapakiaji. "Utapita chini ya daraja. Hutaki, weka funguo hapa. Wanaoutaka usukani huo ni wengi."

"Basi tutapita, tajiri. Ila roho inaniuma. Mzigo mkubwa hivi ukiingia mjini, watu watasema ni wa Shebughe."

"Shebughe? Yule muuza mikeka?"

"Watu ndivyo walivyo. Lakini mwenye mali akionekana amekaa juu ya mali yake, nani atauliza?"

Tajiri aliiweka sawa kofia yake, akaagiza ngazi, akapanda mpaka juu kabisa na kukaa kama bwana harusi. Lori likaondoka polepole, naye akawa anapungia mkono kila duka.

Daraja lilipotokea mbele, sauti ilishuka kutoka juu.

"Sikudhani, simama."

Alisimama, akatoa kichwa dirishani. "Kuna nini, tajiri?"

"Zunguka."

"Na mafuta?"

"Si yangu? Zunguka."

"Mbona niliambiwa nikizunguka niweke funguo?"

"Nani huyo alikwambia?" aliuliza tajiri, ambaye sasa alikuwa amelala kifudifudi, kofia mkononi.