Nguzo za Shaba

Wapendwa, tulieni mnisikilize, maana habari niliyonayo asubuhi hii haifurahishi.

Mpakani mwa nchi fulani, jangwani kabisa, watu wa zamani waligundua shaba chini ya kilima. Wakachimba. Lakini walikuwa wakali kwa jambo moja: kila walipochimba chumba, waliacha nguzo nene za mwamba zishikilie paa. Na nguzo zile zilikuwa shaba tupu. Wangeweza kuzichukua, hawakuzichukua. Wakawaambia watoto wao, "Hizi msizihesabu kuwa mali. Hizi ndizo zinazotubeba." Kisha wakajenga nyumba zao juu ya kilima hicho hicho, kwa sababu ndiko kulikokuwa na upepo.

Wazee wale wakapita, wakaja wajukuu. Shaba ikaadimika. Siku moja mjukuu mmoja, aliyeitwa Baba Kezia, akasimama mbele ya nguzo na nyundo na patasi mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alisali, na mkewe alimpenda. Akabandua kipande kidogo tu, kinachoenea kiganjani. Akatazama juu. Paa halikutikisika. Kesho yake akarudia, na jirani yake akamwona, naye akabandua chake. Haikuchukua muda, mgodi mzima ukawa unafanya hivyo, na nguzo zilizokuwa nene kama vyumba zikabaki na viuno vya nyigu.

Asubuhi moja mkewe akamwambia, "Baba Kezia, ukuta wa chumbani umepasuka tena. Mkono wangu unapita."

"Nitaukandika."

"Si uliukandika juzi? Huko chini mnafanya nini?"

"Mama Kezia, mimi nachukua kidogo sana. Wanaoharibu ni wale wanaojaza magunia."

Akakanda udongo, akaziba ufa, akaulainisha vizuri kwa kiganja. Halafu akachukua patasi yake akashuka mgodini.

Wewe ungefanyaje? Usijibu haraka.

Sasa sikieni. Kilima kilititia siku ya mapumziko. Mgodini hapakuwa na mtu hata mmoja. Waliokuwa juu, majumbani, ni wake, watoto wachanga, wagonjwa, vikongwe ambao hawajawahi kushika patasi maishani mwao. Baba Kezia alikuwa ametoka na binti yake na punda kufuata maji kisimani, mbali kidogo. Wakasikia mngurumo chini ya miguu yao. Walipogeuka, mahali pa kijiji palikuwa na vumbi. Vumbi lilipotua, hapakuwa na kilima. Palikuwa na shimo.

Akamwacha binti kwa wanawake waliokuwa kisimani, akakimbia. Akateremka shimoni akiita jina la mkewe. Katikati ya kifusi akamkuta yule jirani yake ameinama, anainua mawe moja moja. Akashukuru moyoni kwamba kuna mwenzake anayefukua watu.

"Umemwona Mama Kezia?"

"Sijamwona."

"Na mama yako je?"

"Yumo humu chini." Jirani hakuinua kichwa. Pembeni yake palikuwa na gunia, limefika nusu. "Ameshakufa, ndugu yangu. Lakini shaba yote imetoka nje, tazama. Tukiiacha, watakuja kuichukua wengine."

Baba Kezia akamwacha, akaenda mahali alipokisia kuwa ndipo nyumba yake iliposimama, akaanza kufukua kwa mikono huku akilia na kuita. Akashika jiwe moja, akaliona zito kuliko ukubwa wake. Akaligeuza. Lilikuwa la kijani, rangi ya shaba ikiwa bado mwambani.

Akatazama huku na huku. Akalitia mfukoni. Kisha akaendelea kumwita mkewe.

Mbona mmenyamaza?

Mnamshangaa, nami namshangaa. Tulidhani mtu akiangukiwa na nyumba atajifunza. Kumbe mkono uliozoea kubandua hausubiri ruhusa ya moyo. Macho yanalia na mkono unachukua. Na sisi je? Tumeachiwa nini na waliotutangulia, ambacho tunakipunguza kidogo kidogo kwa sababu paa bado halijatikisika? Mume anamdanganya mkewe jambo dogo, jioni anacheka naye mezani, anasema nyumba iko salama. Tunakula fungu la yatima wa marehemu kaka yetu, kisha tunakuja hapa kuimba. Ufa ukionekana, tunakandika. Na siku ya kuanguka, tunaowaua hata hawakuwa na sisi kule chini.

Sitawauliza kama mmewahi kubandua. Ninauliza, mtoto wako amelala juu ya nguzo gani leo, na jana uliiacha na unene gani?

Tusimame tuombe. Na anayejua jibu, asingoje tumalize kuomba. Aende nyumbani sasa.