Pilau ya Kiganjani

Kuonja ni kiganja, sahani ni kula.

Bibi Mwasiti aliyasema maneno hayo bila kuinua macho kwenye ungo wake wa choroko. Mjukuu wake Tatu alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka kwenye usaili wa ofisi moja mjini. Kwa mara nyingine walimweka kutwa akiwapangia mafaili na kuwapokelea wageni, ili waone, walisema, kama kazi anaiweza. Jioni wakamwambia asubiri simu. Tatu alivua viatu, akavitupa ukutani. Wadogo zake walicheka, kisha walipomtazama usoni wakaenda kuviokota. Ndipo bibi akatamka yale maneno, na vijana wakataka kujua yametoka wapi, maana pale mjini kila mtu huyasema na hakuna anayejua nani aliyeanza.

Bibi Mwasiti alisema yalitoka jikoni, na kwamba aliyeyatoa alikuwa msichana asiyeweza hata kumwambia muuza duka kwamba chenji haijatimia. Akaweka ungo chini. Methali hii, alisema, ilianza namna hii.

Kitu cha kwanza Somoe alichokiona alipoingia jikoni kwa Bi. Zuhura Semkiwa kilikuwa ni sahani. Zilikuwa juu ya meza karibu na mlango, zimebebana kama mnara, zimefunikwa kitambaa cheupe. Somoe alizitazama akashangaa kidogo. Alikuwa ameambiwa aje kupika ili waonje. Kwao, mama yake alimfundisha kwamba anayeonja hana haja ya sahani. Unachota kidogo kwa mwiko, unadondosha kwenye kiganja, unalamba. Chumvi imekaa au haijakaa, umeshajua. Lakini Somoe alikuwa mtu wa aibu, tena shule aliiacha darasa la tano mama yake alipolala kitandani asiinuke, kwa hiyo alipoona jambo asilolielewa alidhani kosa ni lake.

Bi. Zuhura alikuwa na mgahawa mkubwa karibu na kituo cha reli, na pia alichukua tenda za kulisha watu: harusi, khitma, mikutano. Alikuwa ametangaza kwamba anatafuta mpishi wa kudumu. Mpishi huyo angepewa chumba uani, na hicho chumba ndicho Somoe alichokitaka kuliko kitu chochote duniani. Mama yake alikuwa amekwishafariki, naye alikuwa akilala sebuleni kwa mjomba, akiamka kabla ya watu wote ili mkeka wake usikanyagwe. Riziki yake ilikuwa vitumbua, ambavyo alivipika asubuhi kwenye kona moja ya stendi.

Siku ile ya kwanza walimhoji kwanza. Bi. Zuhura aliketi kwenye kiti chenye mto, na kando yake mpwa wake Kihiyo, kijana aliyerudi karibuni kutoka Dar es Salaam, amevaa tai kwenye joto lile. Walimuuliza amesoma mpaka wapi. Akasema la tano. Wakamuuliza mbona hakumaliza. Akasema mama aliugua. Kihiyo akakohoa kidogo, akamuuliza anajiona yuko wapi baada ya miaka mitano. Somoe alifikiri kwa bidii, akajibu kwa sauti ndogo kwamba anajiona jikoni. Kihiyo akacheka mpaka tai ikapinda. Kisha wakamwambia apike wali wa nazi na samaki wa kupaka, sufuria kubwa, kwa sababu mpishi wa kweli hupimwa kwa sufuria kubwa.

Alipika. Chakula kilipoiva, mnara wa sahani ukabomolewa, kikapakuliwa, vijana wa mgahawa wakakipeleka mbele kwa wateja. Yeye akabaki kusugua masufuria. Mtu mmoja alipita akamuuliza kama amekula, na Somoe akasema ameshiba, ahsante. Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi. Wakati wa kuondoka Bi. Zuhura alimshika bega, akamwambia ana mkono mzuri, ila kuna hatua nyingine ya usaili, ataitwa.

"Subira huvuta heri, mwanangu," alisema.

Aliitwa. Ikawa ni ndizi na nyama, siku ambayo palikuwa na wageni wa mahari. Walimuuliza tena amesoma mpaka wapi, kana kwamba hawajawahi kumwona, na tena mbona hakumaliza. Akapika, wakapakua, akasugua, akaulizwa kama amekula, akasema ameshiba. Akaambiwa asubiri. Akaitwa tena, ikawa ni biriani, na ilikuwa Ijumaa, mgahawa umejaa mpaka barazani. Hatua nyingine, walimwambia. Halafu wakamwita kwa ajili ya maandazi tu, alfajiri, kwa sababu walitaka kuona kama anaamka mapema. Yeye, ambaye kila siku ya Mungu aliamka kabla ya jogoo.

Kila alipoitwa, kona yake ya stendi ilibaki tupu. Na mteja wa vitumbua hana mkataba na mtu. Akikukosa asubuhi moja anajaribu cha jirani, akikukosa ya pili anasahau jina lako. Siku moja Somoe alifika na chuma chake cha vitumbua na mkaa wake akakuta mwanamke mwingine ameweka meza pale pale. Mwanamke yule alimwambia kwa upole kwamba alidhani mwenye kona amepata kazi, watu wanasema anapika kwa Bi. Zuhura. Somoe alisimama na chuma mkononi, na ndani ya kifua chake kitu kikaanza kuchemka polepole, kama maharage yaliyosahauliwa motoni.

Alirudi nyumbani. Mke wa mjomba akamuuliza kazi vipi, akasema bado wanamwangalia. Mke wa mjomba akasema hata ng'ombe wa mnadani haangaliwi hivyo, mnunuzi hutazama meno akaondoka. Watu wa sebuleni wakacheka. Somoe akakunja mkeka wake. Usiku ule, neno subira lilipomjia kichwani, aliona anataka kulitema.

Kisha ukaja usaili wa mwisho. Hivyo ndivyo Bi. Zuhura alivyouita. Chama cha ushirika cha wakulima wa machungwa kilikuwa na mkutano wake mkuu, na chakula cha wajumbe wote kilikuwa mikononi mwa Bi. Zuhura. Somoe alifika asubuhi akakuta mchele umekwishachaguliwa, nyama imekatwa, vitunguu vimejaa beseni. Na kando ya beseni, ameketi kwenye kibao cha mbuzi huku akikuna nazi, alikuwapo msichana mwingine.

Msichana huyo alikuwa Mwasiti, huyu huyu ambaye sasa ni bibi, na wakati huo ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mbuzi aliyoikalia. Bi. Zuhura aliwaambia wote wawili kwamba leo mmoja atapika pilau na mwingine mchuzi na kachumbari, na baada ya hapo mshindi atajulikana. Akaongeza kwamba adhuhuri gari litakuja kuchukua chakula, kwani wajumbe nao watasaidia kuonja. Halafu yeye na Kihiyo wakaenda kupamba ukumbi.

Mwasiti alimtazama Somoe juu mpaka chini, akamwambia asijisumbue, kazi imekwisha kuwa yake. Bi. Zuhura mwenyewe alimshika bega akamwambia ana mkono mzuri. Somoe aliacha kumenya kitunguu. Akauliza, kwa ile sauti yake ya kuombea radhi, kama baada ya kumshika bega alimwambia pia kwamba subira huvuta heri.

Mwasiti akaacha kukuna.

Wakaanza kuulizana. Biriani ilikuwa ya Somoe, lakini Ijumaa iliyofuata Mwasiti naye alipikishwa biriani. Wageni wa mahari walikula ndizi za Somoe, na harusi yenyewe ilikula wali wa Mwasiti. Kabla yao alikuwapo mwanamke wa Ngomeni, na kabla yake binamu yake Mwasiti, ambaye aliitwa mpaka mimba ikawa kubwa, wakamwambia basi ajifungue kwanza; mpaka asubuhi ile Mwasiti alidhani ni mimba tu iliyomkosesha kazi. Mgahawa ule haukuwa umekosa mpishi hata siku moja. Ulikuwa umekosa wa kulipwa tu.

Mwasiti alisimama, akafunga kanga kiunoni. Alisema yeye anatia pilipili, kilo nzima, wajumbe walie mpaka machungwa yao yaoze. Au waondoke tu, moto wazime. Somoe alikuwa akiziangalia zile sahani mlangoni. Safari hii zilikuwa minara mitatu. Alizihesabu, na safari hii hakudhani kosa ni lake.

Akasema pilipili hapana. Wakitia pilipili, watu watasema hawajui kupika. Wakiondoka, watasema waliogopa usaili. Walikuwa wameitwa kupika cha kuonja, basi wapike cha kuonja.

Alienda kwenye rafu akatafuta, akachukua kisufuria kile ambacho Bi. Zuhura alichemshia maziwa ya mjukuu wake. Akatia kipande kimoja cha nyama. Akatia kitunguu nusu, punje chache za bizari nzima, iliki moja, na mchele wa konzi moja. Akakikalisha motoni kwa adabu yote, akakipalia makaa juu ya mfuniko. Mwasiti alipoona hivyo alicheka mpaka akakaa chini, kisha akatengeneza mchuzi wake kwenye kikombe. Masufuria makubwa yakabaki yamelala kifudifudi. Mchele wa watu ukabaki kwenye mfuko, nyama ya watu kwenye beseni, imefunikwa vizuri nzi wasiiguse. Hawakuharibu hata chembe.

Adhuhuri gari likaja. Bi. Zuhura aliingia akiwa mbioni, harufu ya pilau ikampokea, akatabasamu. Kihiyo alikuja nyuma yake na vijana wawili wa kubeba. Bi. Zuhura akatazama kulia, akatazama kushoto, akainua sufuria moja kubwa lililofudikizwa, akaliacha lianguke.

"Chakula kiko wapi?"

Somoe aliinuka. Alichukua mwiko. Alifunua kile kisufuria.

"Hiki hapa, Bi. Zuhura. Naomba kiganja chako."

"Unasemaje?"

"Kiganja. Uonje."

Hakuna aliyejua kwa nini Bi. Zuhura aliutoa mkono. Labda ni mazoea, maana naye alilelewa na mama. Somoe akachota, akamwekea pilau katikati ya kiganja, ya moto, punje zimeachana. Bi. Zuhura akatia mdomoni.

"Chumvi imekaa?" Somoe aliuliza.

"Imekaa, lakini..."

"Basi umeonja."

Kihiyo alipata sauti kabla ya shangazi yake. Akasema huu ni uhuni, watu wanasubiri ukumbini, huyu msichana hana shukrani, ndiyo maana hata shule ilimshinda. Mwasiti akamjibu kwamba kama ana haraka avue tai akaroweke mchele, waone anajiona wapi baada ya saa moja. Wale vijana wa kubeba wakageukia ukuta ili wasionekane wakicheka.

Bi. Zuhura alibadilika. Kwanza alifoka. Kisha akakumbuka ukumbi, akalainika, akamshika Somoe bega pale pale alipozoea kumshika. Akasema hana haja ya kugombana na wanawe. Kazi ni ya Somoe, kuanzia leo. Chumba ni chake, ufunguo huu hapa. Awashe moto tu sasa hivi, mengine watazungumza kesho. Na kweli alitoa ufunguo kwenye pindo la kanga yake, akauning'iniza mbele ya macho ya Somoe.

Somoe aliutazama ule ufunguo. Alikuwa ameuota mara nyingi. Alinyoosha mkono, akauondoa mkono wa Bi. Zuhura begani mwake, akauweka mwiko juu ya meza.

Wajumbe wa machungwa walikula mikate na chai ya rangi siku hiyo, wakitaka kujua ni kwa nini, na wale vijana wa kubeba wakawaeleza. Mpaka jioni habari ilikuwa imefika sokoni. Bi. Zuhura hakufilisika, watu wa namna yake hawafilisiki upesi, lakini kila mpishi aliyemwita tangu hapo alikuja na kisufuria chake, akaomba kiganja. Mwishowe ilibidi aajiri. Alimwajiri mwanamke wa Ngomeni, kwa mshahara. Somoe hakupata kile chumba. Aliendelea na mkeka wa sebuleni misimu mingi ya mvua, akatembeza vitumbua kwenye beseni mpaka alipoipata kona nyingine, na Bibi Mwasiti aliwaambia vijana wasidanganywe na mtu kwamba hasira inalipa kodi.

Tatu aliuliza kama Somoe alisema hayo tu, kuonja ni kiganja, kisha akaondoka.

Bibi Mwasiti akasema hapana. Watu walichukua ule mkia wa maneno yake kwa sababu una mdundo mzuri, kichwa wakakiacha jikoni. Lakini yeye alikuwa amesimama karibu na Somoe, alisikia yote. Somoe alikuwa amekwishafika mlangoni, penye ile minara mitatu ya sahani. Hapo akasimama, akageuka, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilitosha chumba kizima.

"Kila nilipopika hapa niliulizwa kama nimekula, nikasema nimeshiba," alisema. "Niliona aibu. Nilikuwa na njaa, Bi. Zuhura. Siku zote hizo nilikuwa na njaa. Kuonja ni kiganja. Sahani ni kula."